Mbavu za Gitaa la Mwalimu

Ta!

Mlio ulikuwa mdogo, kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa cha kuwashia jiko, na ulitoka chumba cha mbele, alfajiri, taa za barabarani zikiwa bado zinawaka. Fundi akafumbua macho. Alibaki chali vivyo hivyo, ametega masikio, akisubiri mlio wa pili. Haukuja.

"Panya," mkewe alisema gizani.

"Si panya."

"Basi ni nyumba inajinyoosha. Nayo ina umri wake, iache ijinyooshe."

"Chiriku, lala."

Alimwita Chiriku tangu enzi za uchumba. Siku ya kwanza alipomsindikiza kwao, binti wa watu aliongea njia nzima bila kupumzika, na yeye, ambaye hutumia maneno kama misumari, yale tu yanayohitajika, akaona amepata mtu wa kumsemea. Miaka arobaini na moja ilikuwa imepita. Alipokaa kitandani na kupapasa sakafu kwa miguu akitafuta ndala, mkono wa mkewe ulishuka kutoka chini ya shuka, ukamsogezea ile ya kushoto ambayo kila siku hujificha uvunguni.

Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana. Aliwasha taa. Juu ya meza kubwa, kwenye blanketi kuukuu, lilikuwa limelala gitaa ambalo katika maisha yake yote ya ufundi hakuwahi kutengeneza mfano wake. Kwa upande mmoja lilikuwa gitaa kama magitaa mengine: tumbo, kiuno, shingo, nyuzi sita. Lakini kwenye bega lake ulichomoza mkono wa pili, mnene, wenye uwazi ndani, uliopinda kwenda juu, na kutoka kwenye kichwa cha mkono huo zilishuka nyuzi nyingine sita za sauti nzito. Nyuzi hizo hazibanwi na kidole. Zinapigwa wazi, kama za kinubi. Fundi aliliita gitaa-kinubi. Chiriku alisema linafanana na bata bukini anayechungulia uani kwa jirani, akaliita Bata.

Fundi aligonga uso wa gitaa kwa kifundo cha kidole. Kushoto, likaitika vizuri. Kulia, likaitika vizuri. Katikati likasema dup, kama mtu anayejibu salamu akiwa na chakula mdomoni. Alichukua kioo chake kidogo cha kunyolea, akakiingiza kwenye tundu la sauti pamoja na kitochi, akatazama. Kati ya mbavu tano alizozibandika kwa ndani kushikilia uso, ubavu wa kati ulikuwa umebanduka kwenye gundi na kupasuka urefu wa kidole. Akaweka rula juu ya uso. Nyuma ya daraja, kile kipande cha mti kinachoshika nyuzi zote, ubao ulikuwa umevimba kama mkate uliotiwa hamira.

Na saa nne asubuhi hiyo Mwalimu alikuwa anakuja kulichukua.

Alianza kulegeza nyuzi, moja ya huku, moja ya kule, taratibu, ili gitaa lisishtuke. Hakuwa amezimaliza Chiriku alipotokea mlangoni, khanga begani.

"Nani kafa?"

"Ubavu wa kati."

"Wako au wa Bata?"

"Wa Bata."

Chiriku alikuja akasimama kando yake, akatazama kwenye kioo, ingawa aliona giza na vumbi tu. "Si nilikwambia? Siku ile unazipiga randa, maranda yanaruka mpaka kwenye chai yangu, nikasema mzee, unachonga mbavu au unachonga njiti za meno? Ukaninyamazia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe umevunjika ubavu."

"Mkuu hapa ni nani?"

"Nimekuzidi miezi miwili. Cheti ninacho."

Fundi alitaka kucheka lakini kicheko kilikwama njiani.

*

Mwalimu alikuwa amekuja mara ya kwanza miezi mitano kabla ya hapo, ameshikwa mkono na mkwe wake, mke wa mwanawe, mwanamke mpole mwenye mkoba mkubwa ambamo mlikuwa na kila kitu, tangu dawa hadi mto wa kukalia. Mwalimu alifundisha muziki shuleni kwa miaka thelathini. Alikuwa mama mwembamba, amenyooka kama rula, na sauti yake bado ilikuwa ya mtu anayeongea na darasa la watoto hamsini.

"Fundi, tazama," alisema, akanyoosha mkono wa kushoto juu ya meza. "Kiharusi kilipita hapa mwaka juzi. Kidole hiki na hiki vinafanya kazi." Alitikisa kidole cha shahada na cha kati. "Hivi viwili vya mwisho, mimi nilipostaafu, navyo vikaona vistaafu. Gumba nalo linashika nyuma ya shingo tu, zaidi ya hapo usilitume."

"Pole sana, Mwalimu."

"Nimeshapoa. Sasa sikiliza. Gitaa nimelipiga tangu nikiwa na miaka kumi na mbili. Kwa vidole viwili naweza kupiga wimbo, lakini sauti za chini siwezi kuzifikia, na wimbo bila sauti za chini ni mtu anayetembea bila kukanyaga. Nataka nyuzi za chini zikae peke yake, wazi, nizipige kwa gumba la kulia. Hili halijastaafu."

Akatoa daftari la shule. Alikuwa amechora gitaa lenye mikono miwili, kama alivyoliona zamani kwenye picha ya gazeti, na chini yake ameandika sauti sita anazozihitaji: do, ti, la, so, fa, re. Alikuwa amepitia nyimbo zake zote, ishirini na tatu, akihesabu ni sauti zipi za chini zinazotumika zaidi.

"Mi haimo?" Fundi aliuliza.

"Mi ninaipata kwenye uzi wa juu kabisa wa gitaa, ule mnene. Nimekupunguzia kazi."

Fundi alimpenda hapo hapo, kama fundi anavyompenda mteja anayejua anachokitaka. Mkwe, Mwalimu alipokwenda kunawa, alimnong'oneza jambo jingine: daktari alisema vile vidole viwili vizima vipewe kazi kila siku, la sivyo navyo vitalala. Mazoezi ya kubana mpira Mwalimu hayataki. Anasema mpira hauna wimbo. "Kwa hiyo, baba," mkwe alisema, "tunakutegemea."

Wakaanza kazi. Fundi alikata umbo la gitaa kwenye boksi la friji, Mwalimu akalipakata, akapeleka gumba lake angani kutafuta nyuzi ambazo bado hazipo, na Fundi akaweka alama kwa penseli kila gumba lilipofika. Uzi wa sita ulikuwa mbali mno. Akaisogeza mistari, akakata boksi la pili. Kwenye boksi la tatu gumba lilifika kote bila bega kuinuka. Lile boksi alilitundika ukutani, na kwa miezi minne ndilo lililokuwa bosi wake. Uso aliukata kwenye mlango wa zamani wa msonobari ambao jirani mmoja aliubomoa, mbao iliyokauka miaka sitini. Mbavu za pembeni alizipinda kwenye bomba la moto, na ule mkono wa pili ulimvunjikia mara mbili kabla ya kukubali.

Sasa, siku ya boksi la tatu, Chiriku alileta chai. Mwalimu alishika kikombe kwa mikono miwili. Kikatetemeka, kikamwagika kidogo kwenye sahani. Mkwe alifuta sahani kwa leso kana kwamba anafuta vumbi, na Fundi alijifanya anatafuta penseli ambayo ilikuwa sikioni mwake.

Usiku ule hakuiondoa picha ile kichwani. Gitaa la namna hii, lenye tumbo kubwa na mkono wa ziada, lingekuwa na kilo karibu nne. Mtu ambaye kikombe cha chai kinamshinda atalipakata vipi? Basi akaanza kupunguza. Alikwangua uso ukawa mwembamba kuliko alivyowahi kuthubutu. Akazipiga randa zile mbavu za ndani, akazipima, akazipiga tena. Kila kipande kilichoanguka alikiona kama mzigo anaomtua yule mama. Alipolipima kwenye mizani ya jikoni, gitaa zima lilikuwa kilo mbili na robo, na alilala usingizi mtamu.

Lakini nyuzi kumi na mbili zikikazwa zote pamoja huvuta daraja kwa nguvu ya mtu mzima aliyening'inia hapo mchana kutwa na usiku kucha. Fundi alilijua hilo kabla ya kuota mvi. Alilijua, na mkono wake ukaendelea kukwangua.

*

Kulipopambazuka alikuwa ameketi na chupa ya gundi mkononi. Ile ya haraka, inayoshika kwa dakika kumi.

"Nikiupaka ule ubavu sasa hivi," alisema, "nikashusha nyuzi nzito kidogo, litakaa."

"Muda gani?"

"Miezi sita. Labda mwaka."

Chiriku alikuwa anafagia maranda. Aliacha. "Halafu?"

"Halafu daraja litang'oka siku moja na uso wake wote."

"Akiwa amelipakata."

Fundi aliigeuzageuza chupa mkononi.

"Mzee, mimi sijui mbao. Lakini najua mficha uchi hazai. Mwambie."

"Amengoja miezi mitano, Chiriku. Vidole vile navyo vinangoja."

"Ndiyo maana umwambie leo, usimwambie baada ya mwaka." Akamchukulia ile chupa mkononi, akaiweka kwenye rafu ya juu, anakohifadhi vitu ambavyo wajukuu hawatakiwi kuvigusa.

Saa nne kamili wakabisha hodi. Mwalimu alikuwa amevaa gauni la kitenge na viatu vilivyopigwa rangi. Mkwe alikuwa amebeba shuka jipya la kulifunikia gitaa njiani, lenye pindo alilolishona mwenyewe.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibuni, karibuni ndani."

Mwalimu hakukaa. Alikwenda moja kwa moja mezani, akaona nyuzi zimelegea kama kamba za kuanikia nguo. Akamtazama Fundi.

"Nimekosea, Mwalimu," Fundi alisema. Alikuwa amepanga maneno mengi zaidi, yakatoroka yote, akabaki na yale yanayohitajika. "Nilizipunguza mbavu za ndani na uso wake. Ubavu mmoja umepasuka leo alfajiri. Naweza kuubandika ukaenda nalo nyumbani, ila halitafika mbali. Inabidi nianze upya uso mzima."

"Kwa nini ulizipunguza?"

Fundi alitazama mikono yake. "Nilikuona siku ile na kikombe. Nikasema nikutengenezee kitu chepesi, kisikuelemee."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mimi nilikwambia nataka chepesi?"

"Hapana."

"Uliniuliza?"

"Sikuuliza, Mwalimu."

"Kuuliza si ujinga. Niliwaambia hivyo watoto wa watu miaka thelathini, kumbe nao wazee walihitaji kuambiwa." Akaketi. Sauti yake ikashuka. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo watu wanavyosema. Kwangu ni kinyume. Tangu niugue, kila mtu anauona mzigo wangu mkubwa kuliko ninavyouona mwenyewe. Kijiko kinakuja nusu. Habari mbaya inakuja nusu. Watu wananiongelesha polepole kama redio iliyoishiwa betri. Hata hapa kwenu, dada yangu, usinichukie: kikombe cha kwanza kilijaa. Cha pili, nilipokuja tena, kilikuja nusu."

Chiriku aliliegemeza fagio ukutani.

"Mama," mkwe alisema taratibu, "tulikuwa tunaogopa usiungue."

"Najua, mwanangu. Na sijaungua. Lakini nimebaki na kiu." Akampapasa mkono ili ajue kwamba hasira, kama ipo, si yake.

Chiriku alitoka. Aliporudi alikuwa na kikombe kilichojaa mpaka ukingoni, na sahani ya kina chini yake. Akakiweka mbele ya Mwalimu na kurudi nyuma hatua mbili, mikono nyuma, kama mtu aliyewasha fataki. Mwalimu aliinama, akakifuata kikombe kwa mdomo badala ya kukiinua, akavuta funda refu lenye kelele.

"Haya," alisema. "Lenye nguvu litakuwa na uzito gani?"

"Kilo nne kasoro kidogo."

"Tujaribu basi. Kilo nne mnazo hapa?"

Fundi alikuwa na mfuko wa mchanga wa kugandamizia mbao zinapobandikwa. Akauweka juu ya mapaja ya Mwalimu, juu ya lile boksi la tatu lililoshushwa ukutani. Kilo mbili.

"Ongeza."

Akaweka randa ndogo.

"Ongeza."

"Mama!" alisema mkwe.

"Wewe hesabu tu. Ongeza, fundi, mbona unaniwekea kama unamwekea mgonjwa?"

Nyundo ikaingia, na patasi tatu zilizofungwa pamoja, kila kimoja kikipimwa kwanza kwenye mizani ya jikoni, mpaka jumla ikafika kilo nne. Mwalimu alikaa sawa na rundo lile la zana mapajani, akafumba macho, akaanza kuimba kwa mdomo uliofungwa, gumba la kulia likitembea hewani. Ubeti wa kwanza ulipita. Wa pili ukapita. Kwenye wa tatu paja la kushoto likaanza kutetemeka, nyundo ikagonga patasi, ngi, ngi, ngi, na wote wakasikia.

Alifumbua macho. Alichoka kweli, na hakuficha.

"Beti mbili na nusu," alisema. "Nyimbo zangu zina beti nne."

Hapo Fundi akaacha kuona aibu, akaanza kufikiri. Alipiga magoti sakafuni, shavu karibu na goti la Mwalimu, akatazama boksi lilivyokaa, mahali uzito ulipokuwa unashukia. Chiriku aliziba mdomo kwa khanga.

"Kwa nini lilalie paja?" Fundi aliuliza sakafu. "Sakafu haina kazi."

"Unasemaje?"

"Fagio. Nipe fagio, Chiriku."

Chiriku alimpa fagio aliloliegemeza ukutani. Fundi alichukua msumeno.

"Mzee! Fagio langu jipya!"

"Nitakuchongea mpini mwingine."

"Mpini wa mbao za njiti za meno, nakujua!"

Mwalimu akacheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko kifua kilichokitoa. Fundi alikata mpini wa fagio, akausimamisha chini ya boksi, pale tumbo la gitaa lingekuwa. Mrefu mno. Akaupunguza kipande cha upana wa kidole. Akaujaribu. Akaupunguza tena. Sasa lile rundo lote lilisimama juu ya mpini, likiegemea tu kwenye paja, kama mtu anayemwegemea rafiki bila kumlalia.

"Imba," alisema.

Mwalimu aliimba. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nyundo ilitulia. Wa nne ukaisha, akarudia wa kwanza kwa makusudi, kuwakomoa.

*

Iliwachukua wiki saba zaidi. Uso mpya ulitoka kwenye kipande cha mwisho cha ule mlango, chenye tundu la msumari ambalo hakulikwepa. Alilijaza kwa kipande cha mti kama punje ya dengu na kuacha lionekane. Mbavu za ndani zilikuwa nene kama inavyopasa, na kila alipofika mahali ambapo mkono ulitaka kukwangua zaidi, aliiweka randa chini na kwenda kunywa maji. Mguu wa kulisimamishia, badala ya ule mpini wa fagio, aliuchonga kwa mti uleule wa shingo, wenye skrubu ya kuuchomoa.

Kwa kuwa vidole havingoji, alikuwa amempa Mwalimu shingo ya gitaa lililokufa zamani, akaitia nyuzi laini, ili afanye mazoezi ya kubana. Haikutoa sauti ya maana, ila ilikuwa na kazi kuliko mpira. Kila Jumatatu mkwe alileta taarifa: vidole viko kazini, Mwalimu anavikaripia kama kawaida.

Nyuzi zilipokazwa, Fundi alililaza gitaa mezani siku kumi na mbili, siku moja kwa kila uzi. Kila alfajiri aliamka akisikiliza. Kimya. Siku ya kumi na tatu akasema twende.

Walilipeleka wenyewe, yeye na Chiriku, kwa gari la jirani, gitaa limelala mapajani mwao wote wawili kama mgonjwa. Mwalimu alikaa ghorofa ya pili, juu ya duka la fundi cherehani. Chumba kilikuwa na kiti kimoja cha mbao kisicho na mikono, kimewekwa dirishani, na ilionekana kwamba kilikuwa kimesubiri pale siku nyingi, maana jua lilikuwa limeupausha mgongo wake upande mmoja.

Mwalimu aliketi. Fundi akaliweka gitaa, akateremsha mguu. Mguu ukateleza kwenye vigae. Kabla hajasema neno, mkwe alikuwa ameshavua kandambili yake ya mpira, akaisukuma chini ya mguu huo, ukatulia.

"Usiniangalie usoni," Mwalimu alimwambia Fundi. "Nitakosea."

"Siangalii, Mwalimu. Naangalia daraja."

Na kweli alilitazama daraja. Alitazama ile sehemu ya nyuma yake, pale palipovimba mara ya kwanza, akaisubiri. Uzi wa kwanza mzito ukapigwa, na sauti yake ikaingia sakafuni kupitia ule mguu. Waliisikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Kisha vidole viwili vya kushoto vikaanza kutembea juu ya shingo, polepole, wakati vile viwili vya mwisho vimekaa pembeni kama wastaafu kwenye benchi. Gumba likakosea. Likapiga la badala ya so.

"Wewe!" Mwalimu aliliambia gumba. "Rudi nyuma ya darasa."

Akaanza upya. Safari hii alivuka. Ubeti wa kwanza ulikuwa na mashimo mawili matatu, wa pili shimo moja. Chini barabarani cherehani iliyokuwa inalia ikanyamaza. Mkwe alisimama katikati ya chumba na mguu mmoja mtupu. Ubeti wa tatu ulipita, ule ambao nyundo iligonga patasi, ukapita kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai asiyemdai tena, na katika wa nne Mwalimu alisahau kwamba kuna watu, akaimba maneno yake waziwazi kwa sauti ya uzee iliyokwaruza, sauti zote sita za chini zikimkanyagia njia.

Ilipokwisha, Fundi aligundua kwamba alikuwa ameacha kulitazama daraja, na hakujua tangu lini.

Chiriku alikuwa analia na kuongea kwa wakati mmoja, kazi anayoiweza. Fundi aliinama, akapeleka rula nyuma ya daraja. Uso ulikuwa umenyooka. Akairudisha rula mfukoni.

Walikunywa chai, vikombe vimejaa, meza ikapata madoa. Walipoinuka kuaga, Mwalimu hakuweza kuwasindikiza, kwa sababu hakutaka kulitua gitaa. Alibaki kitini, mkono wake wa kushoto umelala juu ya shingo, na aliwaita wakiwa wameshafika ngazini, kwa ile sauti ya darasa la watoto hamsini:

"Fundi! Dada! Jumamosi ijayo mje tena. Nina nyimbo ishirini na mbili zimebaki!"